Sabufa, vikombe vitatu na laki tatu

Mwezi huu naomba tuhamie sebuleni. Najua wengi mkiniandikia mnataka tuongelee ya chumbani, lakini kwa ninavyoziona ndoa changa za hapa mjini, nyingi zinaanza kutikisika sebuleni, tena mbele ya tivi. Chumbani mtu akinuna anageukia ukutani, asubuhi imeisha. Sebuleni kuna taa inawaka, kuna wageni, kuna rimoti moja tu, na kuna kile kitu ambacho kijana akishapata kazi ya maana na vyumba vyake viwili vya kupanga lazima akiote: hom thieta.

Msicheke akina dada. Na sisi tunaiota, ila tunaiota pamoja na pazia lake, kapeti lake na meza yake ya kioo, na hapo ndipo vita inapoanza. Yeye anahesabu spika, wewe unahesabu nafasi. Yeye anataka mlio, wewe unataka sebule ionekane sebule na siyo ukumbi wa disko. Kila mmoja anaamini mnajibu swali lilelile, kumbe kila mtu ana mtihani wake mkononi.

Nina mdogo wangu, binti wa mama yangu mdogo, aliyeolewa na kijana mmoja mtanashati anayefanya kazi benki. Yeye mwenyewe ni mhasibu. Wamepanga Tabata, sebule ya futi kumi kwa kumi na mbili, ukuta mmoja na jirani mwenye kichanga. Harusi ilipoisha zikabaki pesa za kutunzwa ukumbini, shilingi milioni moja na laki tatu. Mdogo wangu akaongezea laki nane za kikoba chake. Wakakubaliana kwamba hizi ni za sebule, asiguse mtu. Miezi minne baadaye sebule ilikuwa bado ina mkeka na viti viwili vya plastiki, kwa sababu hawajaelewana wanunue nini.

Jumapili moja wakaja kwetu kula mchana. Hata sahani sijaondoa, shemeji akakaa vizuri kwenye kochi, akasema, "Shem, sisi leo tumekuja na kesi. Mtuamulie wewe na kaka."

Kesi yenyewe ndiyo hii. Bwana anataka seti ya spika tano na sabufa moja kubwa ya kusimama, boksi limeandikwa wati 3,000. Bibi anataka tivi ya inchi 55 na saundibaa, ile spika ndefu nyembamba inayolala chini ya tivi. Bwana anasema saundibaa ni redio iliyonyooshwa. Bibi anasema sabufa lile likiwashwa mtoto wa jirani ataota meno kabla ya wakati. Walikuwa wanataniana, lakini mtu mzima unajua utani wenye sukari na utani wenye pilipili. Huu ulikuwa na pilipili.

Sasa mume wangu, Baba Nasra, kabla hajaajiriwa alikuwa akifunga vyombo vya muziki kwenye kumbi za harusi. Mambo ya spika ukimgusa umemwamsha. Akauliza swali moja tu, "Hizo wati 3,000, nyuma ya mashine pameandikwa inakula umeme kiasi gani?" Shemeji akatoa simu, maana picha za lile dude anazo nyingi kuliko za harusi yake. Akakuza ile lebo ya nyuma. Wati 90.

"Basi nifumbulie," akasema Baba Nasra. "Zinaingia 90, zinatokaje 3,000?"

Hapa naomba nikae kidogo, maana kitendawili hiki kinawaliza vijana wengi Kariakoo. Mashine haiwezi kutoa nguvu mfululizo zaidi ya ile inayoingia. Ile namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ina herufi nne mbele yake au nyuma yake, PMPO, na hizo hazina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda kinajipigia hesabu chake, kinachukua nukta ya sekunde ambayo spika inaweza kukohoa kabla ya kuungua, kinazidisha, kinaandika. Namba ya kutafuta ni ile yenye RMS, nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Marekani uongo huu wa wati uliwachosha mpaka mwaka 1974 serikali yao ikatunga kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya. Na hata ukiwa na wati za kweli, sikio halihesabu kama duka linavyohesabu. Ukitoka wati 50 kwenda 100 unaongeza desibeli tatu tu, mtu anasema "ee, imepanda kidogo." Ili sikio lako likubali kwamba mlio umekuwa mara mbili, unahitaji nguvu karibu mara kumi. Kwa hiyo kijana anayeongeza laki mbili atoke wati 80 aende 100 ananunua fahari, siyo sauti.

Shemeji akawa mdogo kidogo pale kwenye kochi. Mdogo wangu akatabasamu lile tabasamu la nilikwambia, ambalo wanawake wenzangu tulitumie kwa kipimo, jamani, lina madhara. Baba Nasra akaona hali inataka kuchafuka, akaamua kubadilisha mada. Akawaambia tuache spika kwanza, niwape chemsha bongo.

Akawapa ile ya milango mitatu. Kama huijui, iko hivi. Uko kwenye mchezo wa televisheni. Mbele yako kuna milango mitatu imefungwa. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili iliyobaki kuna mbuzi. Unachagua mlango, tuseme wa kwanza. Mtangazaji, ambaye anajua gari liko wapi, haufungui wako. Anafungua mmoja kati ya ile miwili, tunamwona mbuzi. Halafu anakuuliza, unabaki na mlango wako au unahamia ule mwingine uliofungwa?

Shemeji kwanza akauliza mbuzi ana ubaya gani, kwa bei ya sasa. Tukacheka. Kisha akajibu kwa sauti ya mtu wa benki, "Imebaki milango miwili, nusu kwa nusu. Kuhama au kubaki ni mamoja." Mdogo wangu akafikiri, akasema yeye angehama. Shemeji akacheka, akatugeukia sisi badala ya kumgeukia yeye, akasema, "Mnaona? Hesabu na akina mama."

Mpenzi msomaji, sentensi ile ina historia ndefu kuliko shemeji anavyojua. Fumbo hili linafahamika kwa jina la Monty Hall, aliyekuwa mtangazaji wa mchezo wa "Let's Make a Deal" ulioanza kurushwa Marekani mwaka 1963. Mtaalamu wa takwimu Steve Selvin aliliandika kwenye jarida la wanatakwimu mwaka 1975, likapita kimya kimya. Kelele zilianza Septemba 1990, pale mwanamke anayeitwa Marilyn vos Savant alipolijibu kwenye safu yake katika jarida la Parade. Akasema hama, kwa sababu ukihama unashinda mara mbili katika tatu. Akapokea barua karibu 10,000, na karibu 1,000 kati ya hizo zilitoka kwa watu wenye shahada ya uzamivu. Wengi walimwambia amekosea, wengine kwa maneno ya kumdhalilisha, na wapo walioingiza uanamke wake humo humo. Alikuwa sahihi. Hata Paul Erdős, mwanahisabati aliyeandika makala za hisabati zaidi ya 1,500 maishani mwake, hakukubali mpaka alipoonyeshwa majaribio kwenye kompyuta.

Marilyn hakubaki kubishana. Aliomba walimu wa shule wafanye jaribio na wanafunzi darasani, kwa vikombe na senti moja. Na mimi, kwa kuwa vikombe ninavyo, nikaenda kuleta vitatu vya kahawa na pipi moja ya tangawizi.

Tukamfanya shemeji ndiye mtangazaji. Anaficha pipi, mdogo wangu anachagua kikombe, shemeji anafunua kikombe kitupu kati ya viwili vilivyobaki, mdogo wangu anahama. Kila mara anahama. Nasra mwanangu akawa anaweka alama kwenye daftari lake la shule. Raundi thelathini. Mdogo wangu alipata pipi mara ishirini na moja.

"Umebahatisha," akasema shemeji.

Wakabadilishana. Yeye achague, asihame. Raundi thelathini nyingine. Akapata tisa.

Sasa hapa ndipo nilipompenda yule kijana, kwa sababu wengi wangesema vikombe vina hitilafu. Yeye aliomba arudi kuwa mtangazaji. Akacheza kama raundi sita hivi polepole, halafu akasimamisha mkono hewani. Akasema, tena kwa kunong'ona, "Subiri. Akianza na kikombe kitupu, mimi sina hiari. Kitupu kingine kimebaki kimoja tu, ndicho lazima nikifunue. Kwa hiyo kile ninachomwachia ndicho chenye pipi." Baba Nasra akamuuliza, na mara ngapi anaanza na kitupu? "Mara mbili katika tatu." Kimya. "Kumbe mimi ndiye ninayemwonyesha."

Ndiyo siri yote, na ukisikia mtu anabisha mwambie hivyo hivyo. Nusu kwa nusu ingekuwa kweli kama mlango umefunguliwa na upepo. Lakini umefunguliwa na mtu anayejua, na mtu anayejua akifanya jambo lolote, hata kunyamaza, anakuwa amekuambia kitu.

Mambo yangeishia hapo tungekunywa chai wakaondoka. Lakini Baba Nasra alishanogewa. Akawapa nyingine, ile ya gesti.

Vijana watatu wamefika gesti usiku. Chumba kikubwa shilingi 30,000, kila mmoja akatoa 10,000. Baadaye mwenye gesti akakumbuka bei ni 25,000, akampa mhudumu 5,000 awarudishie. Mhudumu njiani akajiuliza, 5,000 kwa watu watatu itagawanyikaje? Akachomeka 2,000 mfukoni, akawarudishia elfu moja moja. Kwa hiyo kila kijana amelipa 9,000. Tisa mara tatu, 27,000. Ongeza 2,000 za mhudumu, 29,000. Elfu moja iko wapi?

Watu wamekesha na hii. Shemeji akaanza kuhesabu vidole. Mdogo wangu hata hakunyanyua macho kutoka kwenye kikombe chake. "Haijapotea," akasema. "Umejumlisha kitu ambacho tayari kimo ndani. Zile 2,000 za mhudumu zimo kwenye 27,000. Elfu ishirini na tano kwa mwenye gesti, elfu mbili mfukoni. Ukitaka kufika 30,000 unaongeza zile tatu walizorudishiwa." Mhasibu huyo. Baba Nasra akapiga makofi.

Halafu mdogo wangu akamtazama mumewe. "Ya gesti haijapotea. Ya kwetu imepotea. Milioni moja na laki tatu, ongeza laki nane, ni milioni mbili na laki moja. Mwezi wa pili sasa kila tukiongelea sebule unasema tuna milioni moja na laki nane. Laki tatu iko wapi?"

Hamjawahi kusikia sebule ikinyamaza vile. Mimi nikanyanyua sahani nikaenda jikoni, na Nasra nikaondoka naye.

Laki tatu ilikuwa Kariakoo. Shemeji alikuwa ameshalipa advansi ya lile sabufa la wati 3,000, wiki nane zilizopita, dukani kwa mtu aliyemwambia ofa inaisha kesho. (Kuna maduka ofa zake zinaisha kesho tangu nikiwa sekondari.) Akaogopa kusema. Akawa anasubiri mkewe naye alipende, ili ile advansi igeuke kuwa mshangao mzuri badala ya kosa.

Mdogo wangu alinifuata jikoni macho mekundu. Akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike ukurasa huu. "Dada, siyo hela. Laki tatu tungeipata. Ni kwamba miezi miwili ananiuliza, mke wangu unapenda ipi? Napima futi, nasoma magazeti, naulizia bei, naona tunachagua. Kumbe alikuwa ameshachagua, mimi nacheza tu vikombe."

Naomba muisome tena hiyo, hasa akina kaka. Mimi mwanaume mwenye kiu ya sabufa simshangai, na nikipewa nafasi nitamtetea. Kilichouma hapa ni kule kumshirikisha mtu kwenye uamuzi ulioshaamuliwa. Na akina dada tusijifanye malaika, maana kuna makochi mangapi yamelipiwa nusu kwa siri huku baba wa watu anaulizwa kwa upole, "Mume wangu, unaonaje rangi ya kahawia?"

Kuna kitu Monty Hall mwenyewe alikisema ambacho wabishi wengi wa fumbo lake hawakijui. Mwaka 1991 mwandishi wa New York Times alimtembelea nyumbani, wakaucheza mchezo pale mezani. Mzee akamwonyesha kwamba ile hesabu ya mbili katika tatu inasimama tu kama mtangazaji amefungwa na sharti, yaani lazima kila mara afungue mlango wa mbuzi na lazima kila mara akupe nafasi ya kuhama. Akiwa huru kufanya atakalo, anaweza kukupa nafasi hiyo pale tu ulipokuwa umepata gari, akakutoa. Hapo ukihama kila mara, kila mara unaondoka na mbuzi. Maswali ni yaleyale, milango ni ileile, lakini jibu limegeuka kwa sababu ya kitu ambacho mchezaji hajaambiwa.

Ndiyo maana nawaambia wachumba wanaonipigia wakiulizana nani mwenye haki, tivi au spika, kwamba sijui. Nionyesheni kwanza kilicho mezani. Pesa ngapi, za nani, zipi zimeshatoka. Ukishafunua hivyo, mengine yote ni futi na tepu.

Tukarudi sebuleni. Shemeji alikuwa ameinama. Baba Nasra, ambaye hana maneno mengi ya faraja, alikuwa anamweleza habari za chui, mbuzi na majani, ile ya mtumbwi tuliyoisikia sote tukiwa watoto. Unavusha mbuzi, unarudi, unavusha chui, na hapo watu wengi hukwama, maana ukimwacha chui na mbuzi ng'ambo umeshaharibu. Lazima umpakie mbuzi tena umrudishe ulikomtoa. Wazungu nao wanayo ya mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, imo kwenye mkusanyo wa mafumbo unaohusishwa na mwanazuoni Alcuin wa York, wa miaka kama 1,200 iliyopita. "Kurudi nyuma na mzigo siyo aibu," akamwambia. "Ndiyo njia yenyewe."

Jumamosi iliyofuata tukaenda wanne. Mwenye duka akakataa kurudisha pesa, kama tulivyotegemea, lakini akakubali advansi ihamie kwenye kitu kingine cha dukani kwake. Afadhali.

Hapo sasa ndipo tepu ilipofanya kazi. Mdogo wangu alikuwa na vipimo vyake kwenye karatasi. Kutoka kochi litakapokaa mpaka ukuta wa tivi, mita mbili na robo. Kanuni rahisi inayotumika ni kuchukua urefu wa tivi wa kona kwa kona na kuuzidisha kwa 1.6, unapata umbali ambapo picha inajaza macho yako vizuri bila kukuchosha shingo. Inchi 55 ni kama sentimita 140, zidisha, unapata mita mbili na robo hivi. Shemeji akapiga hesabu mara mbili, akakubali. Wenye kupenda hali ya sinema kabisa husogea karibu zaidi, mara 1.2, lakini hapo ni vita nyingine.

Zile spika tano nazo zikapata jibu lake. Mbili za pembeni zinatakiwa zikae ubavuni mwa msikilizaji, nyuma yake kidogo. Kochi lao linagusa ukuta wa nyuma, na upande mmoja ni mlango. Spika moja ingeninginia juu ya mlango, nyingine ingekuwa sikioni kwa mgeni. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, kwamba maneno ya kwenye filamu kwa sehemu kubwa yanatoka spika ya katikati. Ukinunua seti ya bei poa yenye spika ya katikati dhaifu, mtakesha mkiulizana "kasemaje?" huku milipuko inawarusha. Wakachukua saundibaa yenye spika ya katikati ya kwake na sabufa dogo la pembeni. Ndiyo, sabufa lipo. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyelitaka, akasema nyumba ya mume bila besi ataionea huruma.

Muuzaji akajaribu kutuwekea na waya wa HDMI uliopakwa dhahabu, bei yake nusu ya king'amuzi. Shemeji akaanza kuushika kwa mapenzi. Mdogo wangu akasema, "Geuka ukutani." Akamwambia muuzaji abadilishe waya mara kumi anavyotaka, asiseme ni upi, shemeji kila mara ageuke, aangalie picha na ataje. Akapata mitano. Yaani sawa na kurusha shilingi. Waya ule unapitisha tarakimu, na kwa mita moja na nusu picha ama inafika au inakatika na kuonyesha vinukta vya wazi. Dhahabu haiongezi rangi. Muuzaji akaurudisha kwenye shelfu bila kununa sana. Pesa hiyo wakanunulia kifaa cha kulinda umeme, maana umeme wetu mnaujua.

Kuhusu jirani mwenye kichanga, fizikia iko upande wake. Besi ya hezi 40 ina wimbi la zaidi ya mita nane, ukuta wa tofali kwake ni pazia. Wakaweka sharti wenyewe, saa tatu usiku sabufa linazimwa, tena shemeji ndiye aliyeenda kumwambia jirani na kumpa namba ya simu endapo watasahau.

Baba Nasra akawafundisha na namna ya kulipatia mahali pake. Unaliweka sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe, unapiga wimbo wenye besi nzito, halafu unatambaa kando ya kuta zote kichwa kikiwa chini. Mahali utakaposikia besi imetulia na kujaa, siyo ya kuvuma wala ya kupotea, hapo ndipo liwekwe. Mdogo wangu akanitumia video. Mtu wa benki, suruali imekunjwa mpaka magotini, anatambaa sebuleni kwake kama Nasra alipokuwa na miezi tisa, na sauti ya mke nyuma ya simu inasema, "Hapo! Rudi! Hapo hapo mume wangu, usisogee!"

Pesa iliyobaki imeandikwa kwenye daftari, mistari miwili, sahihi mbili. Sasa hivi wanabishania ile ya ndege. Ndege imewekwa juu ya mkanda unaokwenda kinyume nayo, kasi kwa kasi. Je, itapaa? Kipindi cha MythBusters kiliijaribu kwa ndege halisi mwaka 2008 na ikapaa, kwa sababu magurudumu yanazunguka tu, inayosukuma ni panga boi kwenye hewa. Shemeji ameonyeshwa hadi picha, hataki. Juzi saa nne usiku kanitumia ujumbe: "Shem, wale walidanganya mkanda. Tukija Jumapili muandae vikombe."